Nilimfanya Mzee Mwizi kwa Maneno Mawili

Ninaandika maungamo haya kwa idhini ya mzee niliyemkosea. Jina lake silitaji, kwa sababu limeshatajwa vibaya vya kutosha hapa Uvira, na aliyefungua mlango wa kutajwa huko ni mimi. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Watu wa mtaa huniletea barua, mikataba, vyeti na ujumbe wa simu niwasomee, nami kwa miaka mingi nimewasomea na kuwaandikia kwa Kiswahili. Katika barua moja nilikosea maneno mawili, "taken in", na kwa kosa hilo mtu aliyetapeliwa akahesabiwa kuwa mshirika wa tapeli. Kosa la lugha lingesemeka kwa sentensi moja na watu wangenisamehe. Lakini nilipoligundua nilinyamaza, na ukimya huo ndio unaonitoa leo hadharani.

Asiyeijua Uvira inabidi nimweleze kwanza jinsi fedha ile ilivyofika. Mji wetu huu wa Kongo umebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Mvua kubwa ikinyesha juu, maji hayana pa kupita ila katikati ya nyumba zetu. Tarehe 16 na 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukashusha matope na mawe, ukabomoa nyumba na kuua makumi ya watu. Maelfu walibaki bila paa. Wengi wao hawakulala katika mahema ya mashirika. Walilala kwa ndugu, kwa majirani na kwa waumini wenzao, kama ilivyo desturi yetu tangu vita vya 1996, kila mara watu wanaposhuka kutoka milimani au kupanda kutoka Fizi wakikimbia risasi.

Vita hivyohivyo ndivyo vilivyotupatia ndugu wa mbali. Waliovuka ziwa mwaka 1996 walipokelewa Kigoma, wengi wakawekwa kambi ya Nyarugusu, na kutoka huko baadhi yao wakapelekwa Marekani, Kanada na Australia. Hivyo, habari za mafuriko zilipoenea, simu zililia kutoka miji ambayo majina yake hatuwezi hata kuyatamka vizuri. Ndugu zetu wa mji mmoja wa Marekani walieleza msiba wetu kwa Wamarekani wanaosali nao, nao wakachanga. Fedha ikatumwa kwa kikundi chetu cha kusaidiana ili familia zilizokaa kando ya mto zinunuliwe mabati na misumari.

Mtunza sanduku wa kikundi alikuwa mzee wa watu. Alikuwa mvuvi tangu ujana wake. Hakuwa na masomo mengi, lakini daftari lake lilikuwa safi na hakuna aliyewahi kudai kwamba franka yake moja ilipotea. Yeye ndiye aliyepata habari za mfanyabiashara mmoja aliyejitambulisha kuwa yuko Bukavu, akisema ana mabati yanayotoka Dar es Salaam kupitia Kigoma, yatashushwa bandarini Kalundu, na kwa sababu ya msiba wetu atatuuzia kwa bei ya chini. Wakati huo korona ilikuwa imefunga mipaka na kuvuruga safari, kwa hiyo kuchelewa kwa mzigo hakukumshangaza mtu. Mfanyabiashara alituma picha za mabati. Alituma picha za karatasi zenye mihuri. Kila juma alikuwa na sababu mpya, na kila sababu ilifuatwa na gharama mpya kidogo: ya ushuru, ya kupakua, ya ghala. Mzee alituma fedha kidogo kidogo hadi sanduku likabaki tupu. Kisha simu ya mtu yule haikupatikana tena.

Jambo moja ni lazima nilitaje hapa kwa sababu baadaye lilichukuliwa kama ushahidi. Katika miezi hiyohiyo mzee alisafiri kwenda Bukavu kutibiwa macho, akakaa huko muda mrefu kwa mpwa wake. Alikwenda kwa gari la abiria kwa njia ya Kamanyola, mchana kweupe, na nusu ya mtaa ilimsindikiza. Hakuna aliyeona ubaya wowote katika safari hiyo hadi siku niliyosoma barua.

Barua ilitoka kwa mama Mmarekani aliyekuwa katibu wa wale waliochanga. Ilikuwa ya upole na fupi. Kikundi kilikuwa kimewaandikia kueleza kwamba fedha imepotea, nao walikuwa wameuliza huku na huku wakapata habari kamili. Sentensi yenyewe ilisema kwamba sasa wameelewa kuwa mtunza sanduku wetu "was taken in by this man for several months". Chini yake iliandikwa kwamba wanatuomba tusiwe wakali kwake.

Nilitafsiri hivi: "Sasa tumeelewa kwamba mtunza sanduku wenu alipokelewa na mtu huyu, akakaa kwake miezi kadhaa. Tunawaomba msiwe wakali kwake."

Nataka nieleze bila kujitetea kwa nini kalamu yangu iliandika hivyo. Miaka ile yote nilikuwa nikiokota vibarua vya kutafsiri karatasi za misaada. Katika karatasi hizo maneno hayo mawili yalikuwa yakirudi kila ukurasa: familia fulani iliwapokea waliohamishwa, kijiji fulani kiliwapokea wakimbizi wa Burundi, jirani alimpokea mjane na watoto wake. Kwa Kifaransa cha ofisi tunaziita familia za mapokezi, na Kiingereza chake kilikuwa "take in". Niliyaona maneno hayo mara nyingi mno katika maana moja, nikasadiki kwamba hayana nyingine. Wala sikuwahi kusoma Kiingereza kwa Waingereza. Nimekisoma shuleni kwa saa chache za juma, kisha kwenye redio, kisha kwa vitabu vilivyovuka ziwa kutoka Kigoma na Bujumbura. Wengi wanaofundisha Kiingereza huku wamejifunza hivyohivyo. Hilo ni kweli, lakini halinisafishi, kwa sababu siku ile nilisita. Nakumbuka vizuri kwamba nilisita. Sentensi ya pili haikuelewana na ya kwanza. Ikiwa Wamarekani wamegundua kwamba mtunza sanduku aliishi na tapeli, mbona wanaomba aonewe huruma kabla hata ya kudai fedha yao? Nilijijibu kwamba ni watu wa kanisa, wanasamehe haraka. Kamusi ilikuwa rafuni, hatua chache kutoka nilipoketi. Vijana wa kikundi walikuwa wakinisubiri mlangoni, na mimi nilikuwa mwalimu ambaye sifa yake mtaani ni kwamba hasomi na kamusi. Nikamaliza, nikatia sahihi chini, nikawapa.

Barua ilisomwa kwenye mkutano, mzee akiwa ameketi kwenye benchi la mbele. Mimi pia nilikuwepo. Iliposomwa kwamba "alikaa kwake miezi kadhaa", watu waligeuka kumtazama, na mama mmoja akasema kwa sauti: "Kumbe Bukavu ilikuwa huko!" Mzee alisimama. Alisema hajawahi kulala kwa mtu huyo hata usiku mmoja, wala hajawahi kumwona kwa macho, anaijua sauti yake tu kwenye simu. Hakupiga kelele. Alisema tena na tena kwamba waulize kwa mpwa wake. Mwenyekiti alimjibu kwamba karatasi imetoka Marekani, na watu wa Marekani hawana sababu ya kumsingizia. Ombi la kutokuwa wakali lilisomwa, na likamharibia zaidi, kwa sababu lilisikika kama ombi la kumhurumia mwizi. Wakampokonya daftari na ufunguo. Kwa heshima ya mvi zake hawakumpeleka polisi.

Yaliyofuata sikuyaona yote, na ninayoyajua yananitosha. Mke wake alikuwa akianika ndagala ufukweni na kuziuza sokoni. Wanunuzi walianza kumpita. Aliambiwa usoni kwamba mume wake amekula makuta, yaani fedha, ya waliozikwa na mto. Mtoto wao mkubwa aligombana na vijana wa mtaa, akaondoka kwenda Baraka, na hadi ninapoandika hajarudi kuishi Uvira. Mzee mwenyewe aliacha kuja kikundini, kisha akaacha kuja kanisani.

Mwaka uliofuata, mwanafunzi wa darasa langu la jioni alileta sentensi aliyoiona kwenye simu yake. Ilikuwa ya onyo: "Don't be taken in by his smile." Akaniuliza: "Mwalimu, tabasamu linampokeaje mtu nyumbani?"

Nilimwambia nitamjibu kesho. Nilifika nyumbani nikafungua kamusi mahali ambapo ningepafungua siku ile ya barua. Maana zilikuwa zimepangwa kwa namba. Ya kumpa mtu makao ilikuwepo. Chini yake, kwa herufi zilezile, ilikuwepo ya kumfanya mtu aamini jambo lisilo kweli. Kamusi ilieleza kwamba katika maana hiyo maneno hayo hutumika zaidi katika hali ya kutendwa. Nilikuwa nimeweka nakala ya barua kwenye faili. Niliitoa, nikaisoma upya, na kila sentensi ikakaa mahali pake. Wamarekani walikuwa wameandika kwamba mtunza sanduku wetu alilaghaiwa na mtu huyo kwa miezi kadhaa, kwa hiyo tusiwe wakali kwake. Walikuwa wanamtetea.

Nimefundisha maneno hayo mara nyingi tangu siku hiyo, na ninataka kueleza hapa yanavyotenda kazi, maana bado yanawaangusha watu. "Take" ni kuchukua na "in" ni ndani. Mtoto wa mwaka wa kwanza anayajua yote mawili. Yakishikana yanaacha maana ya kila moja. Mwingereza huyatumia kwa mama anayemlea yatima kwake, kwa fundi anayebana gauni lililomlegea mtu, kwa msikilizaji anayeipokea habari nzito moyoni hadi akaielewa, na kwa mtu aliyeamini uongo. Kinachotofautisha ni jirani za maneno hayo. Tazama kinachofuata baada ya "by". Familia, kijiji au masista wanaweza kumpa mtu makao. Tabasamu, ahadi, picha na karatasi yenye mhuri haviwezi. Vikitajwa hapo, maana ni kudanganywa. Akitajwa mtu mmoja, kama katika barua yetu, maana zote mbili zinawezekana, na hapo msomaji hana budi kuuliza habari yote inahusu nini. Barua ilihusu utapeli tangu mstari wa kwanza. Hakukuwa na nyumba wala kitanda popote ndani yake. Nyumba niliijenga mimi.

Kiingereza kina maneno mengine ya jamii hiyo, na kila moja lina hukumu yake. "Rip off" hupimwa kwa fedha: muuzaji anayekutoza bei mara mbili bandarini amekufanyia hivyo hata kama unajua, kwa sababu tu huna pa kwenda. "Fall for" humwangalia aliyeanguka na kumwachia sehemu ya lawama, kwamba alikuwa mwepesi wa kuamini. "See through" ni kinyume chake, kumwona mlaghai hadi ndani asikupate. "Take in" humweka mlaghai katika kutenda na mwathirika katika kutendwa. Aliye "taken in" aliamini kwa nia njema. Anaweza kusikitikiwa na anaweza kuonekana mjinga kidogo, lakini hawezi kuwa mshirika. Maneno yale mawili yalikuwa yamebeba hati ya kumwachilia mzee, nami niliyageuza kuwa hati ya mashtaka.

Na Kiswahili kilikuwa na jibu tayari, jambo linaloniuma zaidi mimi ninayejidai kukipenda. Wafanyabiashara wa Kigoma wanaoshukia Kalundu wakitapeliwa husema wameingizwa mkenge, na Watanzania wengine husema wameingizwa mjini. Tazama: nao wametumia kuingizwa. Wameona kama alivyoona Mwingereza, kwamba mtu amechukuliwa kutoka mahali alipokuwa salama akatiwa ndani ya jambo asilolijua. Laiti ningetulia nikawaza kwa lugha yangu mwenyewe, ningelisikia neno hilo likibisha.

Sasa nifikie sehemu iliyo nzito. Baada ya kugundua, sikwenda kwa mzee. Sikwenda kwa mwenyekiti. Nilimjibu mwanafunzi wangu vizuri darasani, nikampongeza kwa swali lake, na faili nikalirudisha kabatini. Nilijiambia kwamba mambo yamekwisha kupoa na kuyachokoza kutamuumiza mzee upya. Ulikuwa uongo. Niliyekuwa namlinda ni mwalimu anayeishi kwa ada za wanafunzi na kwa vibarua vya kutafsiri. Kongo ilikuwa inajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwaka 2022, na kila kijana wa Uvira aliyekuwa na ndoto ya kuvuka mpaka wa Kavimvira kwenda kufanya kazi Bujumbura, Dar es Salaam au Nairobi alitaka Kiingereza. Darasa langu lilijaa. Nani angemlipa mwalimu aliyemhukumu mzee wa watu kwa sababu ya kitenzi na kihusishi asivyovijua? Basi nikaendelea kula kwa sifa ya kujua, wakati ninajua sijui. Nilikutana na mzee barabarani zaidi ya mara moja. Aliniamkia, "Jambo, Mwalimu," nami nikaitikia na kupita.

Katika siku hizo za kukwepa nilianza kusoma habari za wakalimani waliopita hapa kabla yangu, labda nikitafuta wa kufanana naye. Nilimpata, na habari yake imetokea kwenye ufuo huuhuu. Mwanzoni mwa 1858 Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji wakitafuta chanzo cha Nile. Speke alivuka ziwa hadi kisiwa cha Kasenge kuonana na mfanyabiashara Mwarabu, Hamed bin Sulayyim, akarudi na habari kubwa: upande wa kaskazini kuna mto mkubwa unaotoka ziwani. Ikiwa mto unatoka ziwani kuelekea kaskazini, huenda ndio Nile. Kwa habari hiyo Burton, akiwa mgonjwa hata hawezi kutembea, alikubali kupakiwa mtumbwini, na Aprili 1858 wakafika Uvira. Hapa wana wa mtemi waliwaambia lile ambalo mvuvi yeyote wa Kavimvira angewaambia, kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Ndipo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India na kurudi, ambaye ndiye aliyekuwa ulimi wa Speke, aliposema kwamba bwana wake hakumwelewa Mwarabu: Hamed alikuwa amesema juu ya mto unaoingia. Speke hakujua Kiarabu, na Kiswahili chake kilikuwa haba. Alizungumza na Bombay kwa Kihindustani. Kati ya lugha hizo, kuingia kulikuwa kumegeuka kutoka.

Wapiga makasia walikataa kuendelea hadi mlangoni mwa mto, kwa hiyo Burton hakuuona. Miaka kadhaa baadaye alirudia kudai kwamba huenda Ruzizi inatoka kweli, na mabishano yakaendelea London hadi Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipopiga makasia kutoka Ujiji, wakaingia kwenye mlango wa Ruzizi na kuona kwa macho yao maji yakimiminikia ziwani. Wageni walibishana miaka kumi na mitatu kuhusu jambo ambalo wenyeji wa Uvira walikuwa wamewajibu siku ya kwanza.

Nilichokitafuta katika habari hiyo ni faraja, kwamba hata wakubwa walikosea kuingia na kutoka. Nilichokipata ni Bombay. Hatujui kama lile kosa la Kasenge lilikuwa la Speke peke yake au na yeye alichangia. Lakini palepale Uvira, mbele ya mabwana waliosafiri miezi kwa ajili ya neno hilo, alisema: hakuelewa, maana yake ni kuingia. Mtu aliyewahi kuuzwa kama mali alithubutu kusema hivyo kwa waliomlipa mshahara. Mimi, mtu huru, mwenye darasa na kamusi, nilishindwa kulisema kwa jirani yangu.

Hatimaye nilikwenda kwa mzee kwanza, peke yangu, jioni. Nilimwonyesha barua ya asili, nikamsomea kwa Kiingereza, nikamweleza maana niliyoiandika na maana iliyo sahihi. Nikamwambia pia ni tangu lini ninajua. Alikaa kimya kitambo, mke wake akiwa amesimama mlangoni. Kisha akasema: "Mwalimu, ulipoona neno halikai sawa, ungeniuliza. Mimi nilikuwa hapa hapa." Hakusema zaidi kuhusu kosa. Aliloniuliza ni lini nitakwenda kuyasema hayo kwa wale waliosikia ya kwanza.

Mwenyekiti aliitisha mkutano. Nilisimama mahali mzee aliposimama, nikasoma barua yote upya, nikaeleza. Baadhi ya watu walilia. Wengine walikasirika, na hasira yao ilikuwa ya haki. Yule mama aliyesema habari ya Bukavu alikwenda kupiga magoti mbele ya mzee, mzee akamwinua. Mama mwingine, mjane aliyefiwa na watoto katika mafuriko, aliniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Na zile nyingine zote ulizotusomea, Mwalimu?"

Walimrudishia mzee ufunguo. Alishukuru, akaukataa, na sasa sanduku linatunzwa na mama watatu, kila mmoja na ufunguo wake. Amerudi kanisani. Mke wake anauza ndagala kama zamani. Mtapeli hajapatikana, na fedha haikurudi. Niliwaandikia Wamarekani kwa mkono wangu kukiri kilichotokea. Walijibu kwamba walikuwa wamejiuliza kwa nini jina la mtunza sanduku lilitoweka katika barua zetu, wakadhani amefariki. Baadhi ya wanafunzi wangu waliondoka, wengi wakabaki.

Swali la yule mjane halijaniacha, na jibu lake la kweli ni kwamba sina hakika na kila nilichokiandika. Tangu mkutano ule sitafsiri barua inayomtaja mtu bila mtu huyo kuwepo ikiwa yuko mjini, na neno nisilolijua naliacha kama lilivyo, nikipiga mstari chini yake, hadi nimuulize anayelijua zaidi yangu. Faili langu la nakala nimelitoa kabatini na ninalipitia. Lakini karatasi nyingi niliziandika bila kubaki na nakala. Zimo masandukuni mwenu, kuanzia Kalundu hadi Kavimvira, na nyingine mlivuka nazo kwenda Bujumbura na Kigoma. Yeyote mwenye karatasi yenye sahihi yangu, hasa inayohusu deni, urithi, kesi au tuhuma ya mtu, ninamwomba ailete pamoja na ile ya asili. Tutaisoma upya mbele ya wahusika, bila malipo, na penye kosa nitaandika kwa mkono wangu kwamba kosa ni langu.